Hesabu ya Magari Siku za Matanga

Abdulghani Mwinyijuma alifariki Jumanne jioni, kabla ya magharibi, na Jumatano baada ya sala ya adhuhuri wakamzika. Tangu alfajiri ile mkewe Mastura alikuwa ndani, juu ya mkeka, kanga kichwani, akiusikia mtaa unanyamaza. Vijana walifunga turubai kutoka ukuta wa nyumba yake mpaka ukuta wa Anjela fundi cherehani upande wa pili. Wakapanga mabenchi ya msikitini katikati ya barabara, na kule konani wakalaza tairi mbili na kuti la mnazi. Mtu wa Mivinjeni haambiwi maana ya kuti hilo. Bajaji zikageuza, zikapitia uwanja wa mpira. Mwenye pikipiki akazima injini akaisukuma. Mwenye baiskeli akashuka, akaikokota kimya kimya mpaka akalipita turubai, ndipo akapanda tena.

Ilipofika saa nne Mastura aliinua macho, akaona dirishani vijana wawili wamevaa vizibao vya njano vinavyong'aa, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Walikuwa wamekalia viti vya plastiki kando ya mtaro, na mapajani wana karatasi juu ya ubao. Hakuwajua. Lakini marehemu alikuwa fundi wa baiskeli kwa miaka thelathini na moja, na fundi ana watu wake ambao mkewe hawajui. Tena mtu akija matangani haulizwi ametokea wapi. Wifi yake Samiha akawapelekea sinia la wali na maharage. Wakanawa, wakala, wakashukuru. Alhamisi wakaja tena, wakala tena.

"Wana adabu wale," Samiha alimnong'oneza. "Siku ya pili hii, wala hawajauliza nyama iko wapi."

Kisha watu wakatawanyika, turubai likafunguliwa, na Mastura akaanza eda.

Miezi minne na siku kumi ni muda mrefu kwa mtu asiyetoka. Ulimwengu ukawa unamfikia kwa masikio. Alisikia katapila likibomoa ghala la zamani la mkonge nyuma ya mtaa. Alisikia kipaza sauti kikiwaita wananchi shuleni kutoa maoni yao, naye akabaki ndani, kwa kuwa mwenye eda haendi mikutanoni. Samiha ndiye aliyekwenda, akarudi na habari.

"Wanajenga yadi ya makontena. Mzigo ukitoka bandarini utakaa hapo, halafu uende Arusha, uende Horohoro."

"Na malori yatapita wapi?"

"Walisema barabara imekwisha kukaguliwa, haina tatizo. Halafu wakagawa soda. Ukiona serikali inagawa soda, wifi, ujue jambo lilishaamuliwa kabla hujakaa."

"Soda ilikuwa ya kampuni au ya serikali?"

"Sikuuliza. Nilikuwa na kiu."

Eda ikaisha. Mastura akaoga, akavaa, akatoka nje, na hazikupita siku nne lori la kwanza likaingia Mivinjeni. Lilikuwa na magurudumu ishirini na mbili, na barabara yenyewe ni ya vumbi, upana wake bajaji mbili zikipishana madereva wanaweza kupeana mikono. Pale konani lori lilishindwa kukata. Likarudi nyuma, likasogea mbele, na tela likang'oa pembe ya baraza la Anjela. Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi, watoto wanakwenda shule. Mjukuu wa Anjela, Imakulata, wa darasa la pili, akaona ukuta upande huu na gurudumu upande ule, akaruka mtaroni. Alivunjika mkono wa kulia.

Jioni Mastura alikwenda kumpa pole jirani yake. Mtoto alikuwa amelala, mkono umefungwa plasta.

"Huu ni mkono," Anjela alisema. "La pili litakuwa jeneza. Na mimi sitanyamaza nikasema ni kazi ya Mungu, Mastura. Mungu hajajenga yadi."

Tangu msiba Mastura alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini kesho yake alikwenda ofisi ya mtaa, kwa mwenyekiti Kombo, akaomba aione hiyo karatasi iliyosema barabara haina tatizo.

Kombo alianza kutafuta miwani iliyokuwa usoni pake. "Ni kitabu kikubwa, Bi Mastura. Kimejaa michoro tu. Kitakuchosha."

"Nilimaliza kidato cha nne, mwenyekiti. Nichoshe."

Akaketi kwenye benchi la wageni akakifungua. Kurasa za mwanzo zilijaa sifa za kampuni. Ukurasa wa kumi na nane ulikuwa na jedwali: Barabara ya Mivinjeni, hesabu ya siku mbili, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Malori, hakuna. Magari madogo, mawili. Bajaji, hakuna. Pikipiki, hakuna. Baiskeli, hakuna.

Alisoma tena. Baiskeli, hakuna. Mtaa uliowalisha yeye na mumewe kwa pancha na minyororo ya baiskeli kwa miaka thelathini na moja.

Chini ya jedwali pameandikwa kwa herufi ndogo: Watembea kwa miguu, 614. Mkusanyiko wa kijamii usio wa kawaida. Haukujumuishwa katika tathmini. Na chini zaidi: Barabara ina nafasi ya kutosha kupokea malori mia moja na ishirini kwa siku.

Ndipo akatazama tarehe. Kumi na tisa na ishirini, mwezi wa pili.

Wale watu mia sita na kumi na nne alikuwa akiwajua. Walikuja kumzika Abdulghani. Wamebeba jeneza, wamebeba maji, wamebeba watoto mgongoni. Watu hao wote wameandikwa, kisha wakatolewa, kana kwamba hawakuwahi kukanyaga pale. Lakini ule utupu walioufanya wao kwa heshima ya maiti, huo ukachukuliwa mzima mzima, ukafanywa ushahidi.

Kwenye kona ya ukurasa palikuwa na muhuri wa mtaa.

"Mwenyekiti, muhuri huu ni wako?"

Kombo alivua miwani. "Ni wangu."

"Uligonga lini?"

"Siku ile ile. Nilikuwa na ndoo ya maji ya kunawa mkononi, kijana akaja akaniambia, mzee, thibitisha tu kwamba tulifika. Nikasema hawa wamekuja msibani, nitawafukuzaje? Nikagonga." Akaifuta miwani. "Kilipokuja kitabu nikaiona tarehe. Nikaona aibu. Wewe ulikuwa eda, nikasema nitakuambia ukitoka."

"Nimetoka siku ya tano leo."

"Ndiyo."

"Na mtoto wa watu amevunjika mkono siku ya nne."

"Jumatatu twende wote mipango miji," Kombo alisema.

Jumatatu walikwenda watatu ofisi ya mipango miji: Mastura, Samiha na Kombo. Walipokewa na ofisa kijana, Bryson, aliyesimama akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, akawatafutia viti. Mastura alitamani angekuwa mtu mbaya; ingekuwa rahisi.

"Mama, muda wa pingamizi ulikuwa siku thelathini," Bryson alisema kwa upole. "Ulikwisha mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita nilikuwa eda."

"Pole sana, mama. Lakini hata mwakilishi angeweza kuleta."

"Alete nini? Waliokuja mkutanoni walionyeshwa picha ya geti la yadi, hawakuonyeshwa ukurasa wa kumi na nane." Akauweka mezani, akaweka kidole juu ya tarehe. "Mlihesabu magari kwenye matanga ya mume wangu. Barabara ilikuwa imefungwa kwa turubai."

Bryson alisoma, akasoma tena. "Washauri ndio waliohesabu. Sisi tunapokea taarifa."

"Na wali wetu ndio walioupokea," Samiha alisema. "Siku mbili. Kama ofisi haina kumbukumbu, matumbo yao yanayo."

Bryson hakucheka. Akachukua simu, akapiga, akaiweka juu ya meza ili wote wasikie. Msichana wa washauri aitwaye Yudith akaitika.

"Yudith, ile hesabu ya Mivinjeni mwezi wa pili. Mlikuta nini pale?"

"Msiba, bosi. Barabara imefungwa kabisa. Tulimwambia msimamizi kwamba siku si ya kawaida, bora turudi wiki inayofuata. Akasema siku za kuhesabu ni mbili, nazo zimepangwa, andikeni mnachokiona." Akashusha sauti. "Wale mama walitupa chakula. Nilijisikia vibaya."

Bryson akakata simu.

"Basi walijua," Mastura alisema. Sauti yake haikupanda, lakini Samiha aligeuka kumtazama. "Mimi nilikuja hapa nikidhani ni makosa. Nilijiambia, watoto wa watu, wageni, hawajui maana ya kuti. Kumbe walijua ni maiti, wakamwandika mume wangu kama nafasi ya malori. Wewe mwanangu unazo barabara ngapi humu kabatini zilizohesabiwa hivi?"

"Sijui, mama."

"Hilo ndilo jibu la kweli la kwanza nililolisikia."

Bryson alijifuta uso. Akaeleza kwamba kibali hakiwezi kusimamishwa kwa mdomo, lakini hesabu inaweza kuamriwa upya ikiletwa barua, yenye muhuri wa mtaa, na nakala ya cheti cha kifo kuthibitisha tarehe.

"Yaani nilete cheti cha kifo ili muamini kwamba tunapanda baiskeli."

"Ndiyo, mama," alisema, na hakuweza kumtazama.

Barua aliiandika mwenyewe usiku ule ule, kurasa mbili, kwa mwandiko wa shule. Hakuandika kwamba anaomba. Aliandika kwamba anadai. Kombo aliisoma yote kwa sauti mbele yao kabla ya kugonga muhuri, na Anjela akaweka dole gumba lake kwa niaba ya mjukuu ambaye mkono wake wa kuandikia bado ulikuwa kwenye plasta.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita. Hesabu mpya ya Barabara ya Mivinjeni itaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi, kwa siku tano. Kibali cha yadi hakijasimamishwa, na malori yanapita.