Mguu wa Venusi

Miezi mitatu Bortolo alikuwa akimfinyanga Venusi wa nta, mwanamke wa kimo cha shibiri moja na nusu, aliyesimama kwa mguu mmoja huku ameushika wa pili, akijikausha baada ya kuoga. Alhamisi angevikwa udongo na kutiwa motoni. Nta iyeyuke, shaba iingie mahali pake. Profesa Galeazzo, mwalimu wa chuo cha Padova, ndiye aliyemtaka mungu huyo wa kike akae mezani pake kati ya vitabu. Kwa Bortolo hiyo ilikuwa kazi ya kwanza kwa jina lake mwenyewe, baada ya miaka kumi na mmoja ya kusugua sanamu za wengine. Nakala hakuwa nayo. Nta ile ikipotea, na jina limepotea.

Jumanne asubuhi aliingia karakanani akakuta meza tupu.

Kwanza alimshuku paka. Kisha mama yake, Orsola, akaingia na shela lake la kanisani, anatembea bila fimbo, uso umemkunjuka.

"Nimetimiza nadhiri yangu," alisema. "Mungu akubariki, mwanangu. Nilidhani umesahau."

Naye kweli alikuwa amesahau. Wakati wa baridi mguu wa mama ulivimba hata akashindwa kuvaa kiatu, akamwahidi Mtakatifu Antoni kwamba akipona atampelekea mwanamke wa nta. Padova nzima hufanya hivyo: aliyepona mkono hupeleka mkono, aliyepona jicho hupeleka jicho, hata kaburi la Mtakatifu limetundikwa viungo vya nta kama bucha. Orsola alimwomba mwanawe amtengenezee. Mwana akasema kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine hadi Machi. Sasa bibi wa watu kaona mezani mwanamke wa nta kashika mguu. Angefikiri nini kingine?

"Mama, lakini yule yuko uchi."

"Nimeona. Nikajua unabana nta. Nimemfunga leso."

Bortolo alitoka mbio na aproni yake. Alimkuta Venusi kanisani, kwenye ndoano, kati ya goti na sikio, na leso ya buluu kiunoni. Padre Teofilo, mtunza nadhiri, akamweleza kwa upole kwamba alichopewa Mtakatifu hakishushwi, ila aliyekitoa mwenyewe akishushe na kuweka kingine badala yake. Tena afanye upesi, maana kesho asubuhi ndoano zote zitaondolewa mizigo, na nta iyeyushwe iwe mishumaa ya Pasaka.

Bortolo alirudi akamweleza mama yake yote, bila kuficha.

"Kwa hiyo yule si wangu."

"Si wako, mama. Nisamehe."

"Miezi mitatu unahangaika na mguu wa mwanamke asiyekuwepo, na wangu uko hapa hapa jikoni."

Ilimuuma Bortolo, maana ilikuwa kweli. Ahadi ni deni, na hili alikuwa akilikwepa kila asubuhi akipokea mkate mkononi mwa mama. Lakini Orsola hakuwa mtu wa kununa akiwa na shughuli. Alivuta kigoda, akavua soksi, akauinua mguu.

"Haya, fanya kazi. Na mimi univishe nguo."

Bortolo alifinyanga hadi alasiri, na kadiri alivyofinyanga ndivyo alivyoona aibu. Mama hakuushika mguu kwa ncha za vidole kama anayechuma ua, jinsi Venusi wake alivyoushika. Aliupakata kwa kiganja kizima, kidole gumba kimezama kwenye unyayo, na vidole vya mguu vikajikunja kwa raha. Hakuna binadamu anayeshika mguu vingine.

Kabla ya kengele ya jioni Orsola alipanda ngazi mwenyewe, kwa mguu uleule uliopona, Padre akiishika ngazi chini. Alimtundika kibibi wa nta mwenye shela, akamshusha Venusi, akachukua leso yake. Jumatano nzima Bortolo aliukata mkono wa Venusi na mguu wake, akavifinyanga upya. Alhamisi shaba ikamiminwa, nayo ikaenea hadi kwenye kucha.

Baada ya Pasaka, sanamu ikiwa imekwisha kupigwa tupa na kung'arishwa, Profesa Galeazzo alikuja kuitazama. Aliigeuza juu ya meza ya jikoni, akaigeuza tena, akarudi kwenye mguu.

"Mguu huu umeuiga kwenye sanamu gani ya Warumi wa kale? Nimezitazama zote, sijauona."

Kabla Bortolo hajafungua mdomo, Orsola aliacha kukoroga uji wa mtama, akaupandisha upindo wa gauni.

"Huu hapa, bwana. Na wa kale kweli, una miaka sitini na tisa."

Profesa aliinama na miwani yake. Akautazama mguu, akaitazama shaba, akautazama mguu tena, kisha akavua kofia. Orsola akamwambia airudishe kichwani, bado kuna baridi, akamchotea uji.