Kiziwi Hasikii Kimya

Juma la harusi ya Kudra, nyumba ya Mzee Sadala pale Mahege ilifurika watu mpaka uani, na kila mtu alikuwa na la kumwambia mwenziwe. Mwenye nyumba peke yake alikaa kitini barazani akiitazama midomo yao inavyofunguka na kufumbika, kama samaki waliomwagwa sasa hivi kutoka kwenye tenga.

Hakuzaliwa kiziwi. Nguvu zake zote aliziacha kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Ikwiriri, tangu mashine ilipokuwa mali ya ushirika hadi ilipouzwa kwa mtu binafsi. Injini ile aliijua kwa sauti kama mama anavyomjua mwanawe kwa kilio. Mkanda ukilegea kidogo tu, wengine wakiwa bado wanapiga soga, Sadala kashainuka na spana mkononi. Na injini hiyo hiyo aliyoisikiliza kwa mapenzi ndiyo iliyomla masikio, taratibu, kama mchwa alavyo nguzo: nje nzima, ndani vumbi. Zilitangulia kuondoka sauti nyembamba, za ndege na za watoto. Halafu maneno yakaanza kufanana. Rafiki yake Huseni alipofariki, aliambiwa maziko ni saa sita, yeye akasikia saa tisa. Alipofika amevaa kanzu yake safi, alipishana na watu wanarudi na majembe begani.

Lakini lililomuumiza kuliko yote lilikuwa nyumbani kwake. Neno la kumwambia Mzee Sadala lilikuwa lazima lipigiwe kelele, na likipigiwa kelele jirani naye analipata. Basi akawa anaambiwa yale tu yanayostahili kelele: chakula tayari, mbuzi wameingia shambani, fulani kafa. Ya moyoni hayapigiwi kelele. Kudra, kitinda mimba wake, alikua mpaka akawa mwanamwali bila ya kumwambia baba yake hata siri moja. Posa ya Ismaily, kijana wa Mbuchi mwenye biashara ya kamba wa baharini, ilipoletwa, Sadala alimwita binti yake akamuuliza. Aliona midomo imetikisika kidogo, macho yako chini. Mkewe, Mwanamina, akamwinamia sikioni na kupaza sauti: "Amekubali!"

Tangu siku hiyo Sadala hakuwa na raha. Neno lile alilipata kwa mdomo wa mama, si wa mwana. Na sasa Kudra alikuwa ameshatiwa ndani, anasingwa na wanawake, wala baba hana ruhusa ya kumwona mpaka Ijumaa, siku ya ndoa, atakapoingia kama walii kuomba idhini yake.

Mdogo wake, Abbasi, akamsogelea pale barazani na kumpigia kelele:

"Kaka! Nipe mie uwakili, niingie kwa mwali siku ya Ijumaa!"

"Kwani mie nimekufa?"

"Hujafa, ila," Abbasi akagusa sikio lake. "Na isitoshe, mwali huwa hasemi! Dini imeturahisishia: akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndiyo idhini yake. Sasa tabu iko wapi? Kimya hata kiziwi anakisikia!"

Baraza zima likaangua kicheko. Sadala alicheka wa mwisho, kwa sababu maneno yale yalimfikia baadaye, kwa hisani ya Mwanamina. Kisha akaacha kucheka.

"Hapo umekosea, Abbasi. Kiziwi hasikii kimya. Kwangu mie watu wote wamenyamaza, anayekubali na anayekataa. Nitajuaje kama kimya kile ni cha binti yangu au ni cha masikio yangu?"

Watu wakanyamaza. Hilo nalo hakulisikia, aliliona.

"Mama Kudra," akasema, "niletee lile kopo."

Lilikuwa kopo la majani ya chai, na ndani yake mlikuwa na mashine mbili za masikio, rangi ya maharage, kila moja na kipande chake laini cha kuziba tundu la sikio. Alizipata Kibiti kabla ya mvua za masika, kwa kikundi cha mafundi wa masikio wanaopita mara mojamoja. Alizivaa siku chache zikamchosha, akazifungia koponi. Sasa mafundi walikuwa wamerudi kwa juma moja, na kesho yake asubuhi Sadala na mkewe wakapanda basi.

Aliyewapokea alikuwa Bi Hajira, mama wa makamo, mpole, miwani puani, na bisibisi ndogo kama sindano imechomekwa kwenye mfuko wa koti lake jeupe.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nimekurudishia vitu vyako."

"Vina nini?"

"Vibaya."

Bi Hajira akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana. Hakupiga kelele. Alisema taratibu, uso wake kwenye mwanga: "Ubaya hauna skrubu, mzee wangu. Nikizungusha nizungushe wapi? Niambie, ukivivaa, dunia inasikikaje?"

Watu walikuwa wamemuuliza Sadala mara nyingi kama anasikia. Hakuna aliyewahi kumuuliza anasikia nini. Akafikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa habari za kazi yake.

"Sauti yangu mwenyewe," akaanza, "ni kama nimeingiza kichwa kwenye mtungi. Khanga ya mke wangu ikipita, moto unakula makuti. Kifuniko cha sufuria kikidondoka, roho inanitoka. Lakini maneno ya watu! Yananguruma tu, mazito, hayana ncha. Unajua mashine ya kukoboa ikikorofisha? Kishindo kipo, mchele hautoki."

Bi Hajira akatabasamu mpaka miwani ikapanda. "Umenipa kazi yote mkononi. Kuna jingine?"

"Vinapiga miluzi!" Mwanamina akadakia. "Tena usiku, wakati kwetu mluzi wa usiku unaita nyoka. Siku ya kwanza nilitoka na mwiko nimfukuze mhuni, nikidhani kuna mtu dirishani ananipigia mie."

"Wewe?" Sadala akauliza, kwa kuwa hilo lilisemwa kwa sauti ya kutosha. "Kwa umri huo?"

"Nina kasoro gani?"

Bi Hajira alipokwisha kucheka akaanza na mluzi. Akazitazama mashine, akamtazama mzee. "Hii ya kulia ulikuwa unaitia sikio gani?" Sadala akaonyesha la kushoto. Basi. Fundi wa mashine wa miaka yote ile alikuwa amezivaa upande, kama viatu. Akazisafisha, akazibadilisha, na mluzi ukakoma.

Kuhusu mtungi, alichukua vile vipande vya kuziba sikio akavitoboa kwa keekee nyembamba, tundu la kupita uzi. "Mtungi uliotoboka hauvumi," alisema. Kisha akafungua kifuniko kidogo cha mashine, na humo Sadala akaona skrubu ndogo kama chembe za ufuta. Bi Hajira akagusa moja, robo mzunguko, akasita. Akamvalisha. Akaficha mdomo wake kwa kipepeo cha ukindu alichokuwa akijipepea.

"Sita."

"Tisa," akajibu Sadala.

Akaivua, akagusa skrubu ileile, akamvalisha.

"Sita."

"Tisa."

Sadala alikuwa akiitazama mikono ile zaidi ya kitu chochote. Katika maisha yake alikuwa ameona mafundi wengi, na wengi wao, injini ikiwashinda, hufungua kila kitu kwa pamoja wakiomba Mungu. Huyu aligusa kimoja, akasikiliza. Akagusa kimoja, akasikiliza. Hata alipokuwa amekosea hakukasirika wala hakuharakisha. Alirudisha skrubu pale ilipokuwa, akahamia ile ya jirani. Akapunguza unene wa sauti, akaupandisha wembamba. Akaweka mpaka, ili kishindo cha ghafla kisipite juu ya kiasi. Kila mara aliuliza, "Sasa ikoje?" na Sadala akajibu kwa lugha ya kiwandani. Hapa mkanda umelegea. Hapa umekaza mno, unalia. Hapa pana mchanga. Bi Hajira hakuuliza maana yake hata mara moja.

"Sita," akasema nyuma ya kipepeo.

Sadala akainua kichwa. "Rudia."

"Sita."

"Sita. Sasa niambie lile neno jingine."

"Tisa."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Mwanamina alikuwa ameshaisahau, sauti ya mtu anayezungumza tu, "Huseni alizikwa saa sita."

Bi Hajira hakujua Huseni ni nani. Akakiweka kipepeo mapajani, akangoja.

Ndipo Sadala alipomweleza habari ya Ijumaa: binti, ushungi, idhini, na Abbasi na kimya chake. Bi Hajira akasikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia Mwanamina. "Mama, jifunike khanga usoni. Kaa pale pembeni, useme kama anavyosema Kudra akiona haya."

Mwanamina akajifunika. Kisha kutoka ndani ya khanga ikatoka sauti ndogo: "Baba Kudra, umezeeka."

"Na wewe je?" Sadala akajibu papo hapo.

Khanga ikatikisika kwa kicheko, na ilipofunuliwa, macho ya Mwanamina yalikuwa na maji. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu amwambie mumewe neno pasipo kupaza sauti.

Bi Hajira akaigusa skrubu moja mara ya mwisho, akafunga. "Sikukurudishia masikio ya ujana," akasema. "Penye watu wengi vitakusumbua. Ukitaka neno la mtu, nyamazisha kelele, msogelee, umpe nafasi. Gurudumu hili la nje ni lako: vigelegele, teremsha, mnong'ono, pandisha."

"Mashine iliniibia," Sadala akasema akisimama, "na mashine imerudisha. Lakini ile ya kwanza haikuwa na fundi kama wewe."

Waliposhuka kwenye basi na kushika njia ya nyumbani, alikwenda akisimamasimama. Mwanamina akauliza kuna nini. "Ndara zangu," akasema. "Kumbe zinasema."

Ijumaa, baada ya sala, wanaume walikaa kwenye mikeka, bwana harusi na sheikh katikati. Uani ngoma ilikuwa imechacha. Sadala akainuka, akateremsha gurudumu, akapita katikati ya vigelegele kama mtu apitaye mvuani na mwavuli. Abbasi na mzee mwingine wakamfuata kama mashahidi, wakasimama mlangoni.

Chumba kilinukia udi. Kudra alikuwa kitandani, amefunikwa ushungi, na shangazi yake Bi Semeni ubavuni mwake. Sadala akaomba ngoma isimame. Ilipokoma akapandisha gurudumu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kudra binti Sadala," akasema, "Ismaily amekuposa. Unaniidhinisha nimwoze?"

Kimya.

Lakini safari hii alikisikia. Kilikuwa na vitu ndani yake: bangili imegusa bangili, mate yamemezwa, mtu anahama mguu nje ya dirisha. Akauliza mara ya pili. Kimya tena.

"Haya, mzee," Bi Semeni akasema, "kimya hicho. Nenda, wanaume wanangoja."

"Ndiyo hivyo, kaka," Abbasi akaongeza kutoka mlangoni. "Yamekwisha."

Sadala hakuondoka. Alikuwa amesikia pumzi ikivutwa, ile inayotangulia neno, kisha ikaachwa bila neno. Ni injini inayotaka kuwaka. Ukiiacha hapo, umeiacha. Akainama karibu na ushungi akauliza mara ya tatu, taratibu zaidi.

"Baba," ushungi ukasema, "mbona unanong'ona?"

Bi Semeni akaziba mdomo asicheke.

"Sinong'oni, mwanangu. Hivi ndivyo watu wanavyozungumza."

Kisha binti akasogeza kichwa mpaka kikakaribia bega la baba yake, na maneno yakatoka, madogo, yameshikana, kila moja na ncha yake. Sadala akayapokea yote. Akauliza jambo moja, akajibiwa. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha binti yake, akakaa hivyo kidogo, akainuka.

Mkekani alisema bila kupaza sauti, na watu waliozoea kelele zake ikawabidi wainame ili wamsikie.

"Binti yangu ameridhia. Kwa mdomo wake, na anamtaka huyu huyu. Ila mahari yake hataki kabati. Anataka cherehani. Anasema kabati litakaa limejaa nguo zilizoshonwa na wengine, na yeye anataka kuzishona mwenyewe."

Ismaily akacheka kwa furaha. "Nimekubali! Hata kesho nakwenda kuichukua."

Abbasi, aliyekuwa amepatana na upande wa bwana harusi habari ya kabati mpaka likachaguliwa, akatumbua macho. "Cherehani? Nani kasema cherehani? Mie nilikuwa pale pale mlangoni, kaka, na masikio yangu mazima. Nimesikia kimya tu!"

Sadala akamtazama mdogo wake kwa huruma nyingi.

"Basi wahi," akasema. "Bi Hajira yuko Kibiti mpaka kesho."