Mashati Manane na Bosi wa Miaka Minne

Chekechea ilipofunga kwa likizo ya kiangazi, nilimwambia wifi yangu kwamba mwanangu hatashinda akitazama katuni. Atajifunza hapahapa nyumbani, kwa vitu vilivyopo, mimi nikiendelea kushona. Wifi alicheka mpaka akashika kiuno. Mtoto mwenyewe ana miaka minne, tunamwita Bosi kwa sababu zisizohitaji maelezo, na tangu azaliwe hajawahi kutulia.

Lakini alitulia. Nilimpa sufuria na vifuniko avioanishe. Nikampa soksi. Nikampa maharage yaliyochanganyika na mahindi. Kanuni ilikuwa moja: kinachofanana kikae na mwenzake. Wiki haikuisha, viatu vyote vya kushoto vikawa chini ya kitanda na vya kulia jikoni. Nikajisifu badala ya kushtuka.

Jumamosi, saa kumi jioni, meneja wa hoteli angekuja kuchukua mashati manane ya wahudumu. Alishasema kwenye simu kwamba nikichelewa atatafuta fundi mwingine, na kazi za hoteli ndizo zinazoniweka mjini. Manne yalikuwa tayari. Manne nilikuwa nimeyakata tu, kila moja furushi lake, na karatasi ya vipimo nimeichomeka katikati. Asubuhi nikaenda kuoga.

Niliporudi, hapakuwa na furushi hata moja. Bosi alikuwa sakafuni, jasho linamtoka, amezungukwa na mabeseni: mikono yote huku, kola zote kule, migongo kwa migongo, mifuko kwa mifuko. Karatasi nne za vipimo alizipanga vizuri kabisa kwenye bakuli lao.

"Mama, nimemaliza," aliniambia. "Kila mtu na wenzake."

Wifi, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi muda wote huo, aliniuliza kama masomo haya yana cheti. Nikamwambia anyamaze ashike futi ya kupimia.

Kumgombeza mtoto kwa kufanya nilichomfundisha, nisingeweza. Tukapima. Migongo haikusumbua, lakini mikono ilinitoa jasho, maana wahudumu wawili walipishana nusu inchi tu. Bosi akawa analaza mkono juu ya mkono kutafuta pacha wake, na kusema kweli alimshinda shangazi yake kwa kasi. Saa nne cherehani ikaanza kulia, haikunyamaza mpaka saa kumi kasoro dakika tano.

Meneja alifika saa kumi kamili. Akakagua moja moja. La saba, mkono mmoja mrefu. La nane, mkono mmoja mfupi. Akatazama saa, akasema hotelini kwake hakuna mhudumu aliyeumbwa hivyo.

"Nimekosea mimi," nikamwambia. "Nipe dakika ishirini nifumue. Ukiondoka sasa, unaondoka na sita."

Akakaa, kanuna. Bosi, asiyependa kuona mtu amekaa bure, akammwagia mapajani kopo zima la nyuzi na kumwelekeza azipange kuanzia rangi nyepesi hadi iliyokolea. Mimi nikainamia mkasi. Mara nikasikia ubishi: meneja anasema huu ni bluu, Bosi anasema kijani, wifi naye kajiingiza, anasema wote vipofu, ni zambarau.

Nilipopiga pasi mkono wa mwisho, nilikunja mashati yote manane nikayaweka mbele yake. Hakuinua hata kichwa.

"Subiri kwanza, fundi," alisema, amepiga magoti sakafuni. "Bado nyekundu."