Kiti cha Pili cha Kinyozi

Haya ni kweli tupu. Nikiongeza hata chembe ya chumvi, nywele zangu zote zihamie puani. Chache zimeshahama, lakini hilo ni la uzee.

Kinyozi wetu alikuwa na runinga juu ya kioo, na haikuonyesha mpira wala tamthilia. Kutwa ilikuwa kwenye kituo cha habari za biashara, naye alinunua na kuuza hisa kwa simu kati ya kichwa na kichwa. Alitaka kununua kiti cha pili, kile cha kuzunguka, ili mdogo wake msusi aache kufanyia kazi mlangoni, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Hawa ni wataalamu, Mzee," aliniambia mchana mmoja. "Wakisema saruji inapanda, na mimi nimo."

"Mimi najua watakachosema kabla hawajafungua mdomo. Nikipatia, unaninyoa bure. Nikikosea, nalipa mara mbili."

Nikafumba macho. "Atasema saruji inapanda, halafu atakohoa."

Mtangazaji akasema saruji inapanda. Akakohoa.

Wateja wakaruka. Nikawaeleza kwamba kipawa hicho nilikipata kwa kupigwa na radi mara tatu, na ya tatu iliniomba radhi. Tangu hapo nilinyolewa bure mpaka kichwa kikawa hakina cha kunyolewa, tukahamia ndevu.

Siku moja nikatabiri zabuni kubwa kwa kiwanda cha saruji. Mtangazaji akaitangaza. Kinyozi akaniacha na shavu moja lenye povu, akatia akiba yote ya kiti kwenye hisa za kiwanda kile. Povu halijakauka, bei ikaanza kuporomoka kwenye simu yake.

"Itarudi," nikasema.

"Imefika ngapi?" Msusi aliingia mbio. Bei hupita chini ya skrini, lakini pale chini palikuwa pamefunikwa na bango la mitindo ya nywele, maana ukuta ulikuwa mdogo. Akalibandua. Kando ya bei kulikuwa na neno moja kubwa: MARUDIO.

"Kaka, hiki kipindi ni cha asubuhi!"

Duka zima likanigeukia.

"Baba," msusi akaniuliza taratibu, "nyumbani una runinga?"

"Ndogo," nikasema.

Kinyozi hakunitukana, na afadhali angenitukana. Akachukua wembe, akamalizia shavu la pili. Kuanzia kesho yake akawa anafungua duka alfajiri ili atazame kipindi chenyewe, moja kwa moja. Akauza kile kidogo kilichobaki, akanunua hisa za benki mara tu zilipotajwa. Zilikuwa zimeshapanda kabla mtangazaji hajatengeneza tai. Waliomuuzia walizinunua mapema kwa bei ya chini, wakawa wanamsubiri.

"Hata ya asubuhi ni marudio, Mzee," akaniambia. "Tunatangaziwa sisi wa mwisho."

"Basi izime."

"Nikiizima nitatazama nini?"

Nikalipa. Mara mbili kwa kila kichwa na kila ndevu, kama tulivyopatana, na radi haikutokea kunitetea. Msusi alizipokea zile noti, akakitazama kile kiti kimoja, akazikunja. Zisingetosha hata mguu wa kiti.

Akarudi mlangoni, akaketi juu ya ndoo. Kinyozi akaongeza sauti ya runinga.