Breki za Monsieur Guido

Kila Jumatatu ya kwanza ya Machi, fundi Polycarpe hubeba sanduku lake la spana kutoka mtaa wa Saint-Gilles hadi mtaa wa Woluwe-Saint-Lambert, kuihudumia pikipiki ya theluji ya Monsieur Guido. Kazi ni ileile: kubadilisha plagi mbili za injini, kupima pedi za breki, kuandika kwenye daftari. Guido ana miaka themanini na minne na nyonga mbili za chuma. Hajaipanda pikipiki hiyo tangu aache kwenda Uswidi, na kufuli la mlango wa nje wa gereji limeshika kutu.

Hata hivyo hutoka. Kila Jumapili saa tisa alasiri, mzee akisinzia kitini, pikipiki hupita kwenye mlango uliofungwa, na hurudi saa kumi na moja.

“Inarudisha vumbi nyeusi tu,” alilalamika Régine, mlezi wa mzee, akimimina kahawa. “Na pantoufles ya mzee, ile viatu ya nyumbani, vilevile. Dimanche yote niko nafagia, papa Polycarpe.”

“Ni vumbi ya kwetu Kibumba, ya volcan,” Polycarpe alisema.

Aliijua. Mwaka 1972, kwenye mteremko wa Kibumba, gari la meneja wa shamba la pareto lilimgonga baba yake, aliyekuwa akishuka na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, imesheheni magunia. Meneja alikuwa Guido. Ripoti ya shamba ilisema gari lilifunga breki mapema. Chukudu, ilisema, ndiyo isiyokuwa na breki. Mama yake alimzika mume pamoja na lawama.

Polycarpe alifungua plagi. Zilikuwa nyeusi, ncha zimelika: injini ilikimbia mwaka mzima. Akafungua breki na kuzipima taratibu kama kila mwaka, maana alichokitafuta ni kidogo mno: pedi iliyolika hata unywele mmoja. Akiipata, atajua kwamba mzee, kule mteremkoni, ameshika breki walau mara moja.

Pedi zilikuwa na unene uleule wa Machi iliyopita. Hata alama ya kalamu yake haikuwa imefutika. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Hii hufika Kibumba na kurudi kila Jumapili, na bado haijaisha.

Guido aliingia na mkongojo wake. “Freins?” Aliulizia breki.

“Ziko mpya, monsieur. Hakuna muntu alizishika.”

“Unaona? Breki yangu hapana kuwa na shida hata siku moja. Ile chukudu ya papa yako ndio ilikosa.”

Polycarpe alimchukia, kwa utulivu, kama kila mwaka. Aliandika daftarini: breki, nzuri. Mzee akatia sahihi.

Angeweza kurudisha plagi zile mbovu, pikipiki ikafia gerejini. Lakini isiyokwenda haiwezi kufunga breki. Alitia mpya, akazikaza sawasawa.

Jumapili, saa tisa kamili, injini iliwaka bila kusumbua, na Régine akatoa ufagio.