Kimo cha Donda

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, katika mstari wa kwanza wa kitalu namba nane, miti tisa kati ya arobaini ilikuwa imekauka vilele. Mkaguzi aliihesabu mara mbili akiwa bado barabarani, kwa sababu ukishaingia ndani matawi hukufunga macho na hesabu ya vilele inaharibika. Wiki iliyopita ilikuwa mitano.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, na kazi hiyo ameifanya kwa miaka tisa. Alibeba futi ya chuma, kisu kifupi, kopo la rangi nyeupe, brashi, na fomu zilizobanwa kwenye ubao. Jumatatu hutungua kadi za njano zenye gundi zilizotundikwa kati ya mikaratusi, huhesabu wadudu walionasa, kisha hutundika kadi mpya. Siku nyingine hukagua magome.

Mikaratusi ya kitalu hicho ilikuwa na umri wa miaka miwili na nusu. Mwaka uliopita iliingiliwa na wadudu bapa, wadogo kuliko punje ya mtama, wanaofyonza majani mpaka yanageuka rangi ya shaba. Aliandika taarifa tatu za kuomba dawa. Dawa haikuja. Miti haikufa, ila ilidhoofika, na mti dhaifu hauzibi jeraha upesi. Sasa ilikuwa zamu ya kuvu. Gome lilipasuka kwa urefu na kuvimba kingo, utomvu mwekundu ukachuruzika na kukauka mweusi. Ukikwangua kwa kisu, sehemu ya ndani iliyopaswa kuwa nyeupe ilikuwa ya kahawia. Donda likishazunguka shina lote, kilele hukauka ndani ya wiki tatu.

Saa nne angekuja afisa wa misitu. Kazi yake ilikuwa kujaza mstari mmoja kwenye taarifa, mstari unaoitwa Chanzo. Meneja wa shamba alikuwa ameshapendekeza la kuandikwa hapo: majeraha ya panga. Kwa maelezo yake, wafyekaji wanapokata nyasi hugonga mashina, na kuvu huingilia pale palipogongwa. Wafyekaji waliletwa na wakala, hawakuwa waajiriwa wa shamba. Wakionekana wao ndio walioharibu miti, mkataba wa wakala unavunjwa siku hiyohiyo, bima inalipa, na watu wanahama kambini ndani ya siku saba. Chanzo kikiwa ni uzembe wa shamba lenyewe, bima hailipi kitu.

Wafyekaji kumi na wanne walifika saa moja kasoro. Mmoja wao alimpungia mkaguzi mkono kama kawaida.

"Daktari, wagonjwa wameamkaje?"

"Wanne wametuaga."

"Basi waandikie ruhusa wakapumzike nyumbani."

Watu wakacheka, isipokuwa mfyekaji mmoja, kaka yake mkaguzi. Huyo alikuwa mkubwa wake kwa miaka mitatu, na mama yao alikaa naye kambini, kwenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, kwa sababu miguu ya mama haikuweza tena kupanda ngazi za nyumba za waajiriwa anakoishi mkaguzi. Alimsogelea dada yake, akamuuliza kwa sauti ya chini kama yule mtu bado anakuja. Akajibiwa kwamba anakuja.

"Utamwambia nini?"

"Simwambii kitu. Nitampimia. Akiona kwa macho yake, inatosha."

Alipima hadi saa tatu na nusu. Kwa utaratibu, mti mgonjwa huzungushiwa mstari wa rangi usawa wa kifua. Siku hiyo hakufuata utaratibu. Kila mti aliupaka pale hasa donda lilipoanzia, kisha akaandika kimo chake kwenye fomu. Miti ilikuwa sitini na minne. Mitatu ilikuwa na donda chini ya goti. Sitini na mmoja iliyobaki ilikuwa na donda juu ya mita moja na nusu, na kila mara lilianzia kwenye kikonyo cha tawi lililopogolewa. Ukisimama mwisho wa mstari, alama nyeupe zilipita juu ya vichwa vya watu. Hakuna mfyekaji anayekata nyasi huko.

Afisa alifika saa nne na robo, pamoja na meneja na nyapara wa shamba, ambaye watu humwita Filimbi kwa sababu ya kile anachovaa shingoni. Afisa alikuwa mtu mzima, mwenye buti zilizokwisha visigino. Hakuuliza mengi. Alitazama alama, akatembea mistari mitatu peke yake, akakwangua magome manne kwa kisu chake mwenyewe, akanusa, akatia vipande kwenye bahasha ya khaki. Aliporudi aliomba fomu ya mkaguzi, akaisoma mpaka chini.

"Hapa palipogolewa lini?"

"Mwezi wa nne," alijibu mkaguzi.

"Wakati wa mvua?"

Filimbi alimtazama meneja. Mkaguzi akasema ndiyo, wakati wa mvua.

Meneja hakupandisha sauti. Alimtuma Filimbi garini alete faili la kupogoa. Humo mlikuwa na karatasi kumi na moja, moja kwa kila siku ya kazi, kila moja ikiwa na kisanduku cha hali ya hewa. Katika zote kumi na moja paliandikwa neno moja, kavu, na chini yake saini ya mkaguzi.

Kanuni ya shamba ilikuwa wazi, maana kuvu huingilia jeraha lenye maji: gome likiwa limelowa, msumeno haugusi tawi, na mvua ikikatika zinangojwa siku mbili. Mwezi wa nne mvua haikukatika. Waliopogoa walikuwa wanawake ishirini na wawili, vibarua wa kutwa. Karatasi ikisema mvua, Filimbi anawarudisha nyumbani na siku haihesabiwi. Asubuhi ya kwanza walikuwa wamesimama langoni tangu saa kumi na moja, mifuko ya nailoni vichwani, wengine na watoto mgongoni. Mke wa kaka yake alikuwa wa tano kwenye foleni. Filimbi, aliyeagizwa kitalu kiishe kabla ya mwisho wa mwezi, alimwambia mkaguzi aandike kavu watu wapate siku zao. Hakumtisha, na haikuhitajika. Wifi yake alikuwa akimtazama, naye akaandika. Kesho yake aliandika tena, maana aliyeandika kavu jana chini ya mvua ileile hawezi kueleza kwa nini leo ni mvua.

"Mwandiko huu ni wako, mama?" aliuliza afisa.

"Ni wangu."

"Na mvua ilinyesha?"

"Siku zote kumi na moja."

Alieleza alivyoandika na kwa nini. Wafyekaji walikuwa wamesimama hatua ishirini kutoka pale, wameacha kazi, na hakuna aliyejifanya hasikii. Meneja alingoja amalize.

"Kwa hiyo aliyeandika uongo mara kumi na moja," alisema, "ndiye tunayepaswa kuamini vipimo vyake vya leo."

Afisa alifunga faili. Alimwomba mkaguzi wasogee kando kidogo, wakasimama kati ya mistari miwili.

"Mimi nakuamini. Gome lenyewe linaonyesha. Lakini kwenye taarifa hakuna sehemu ya kuandika kwamba nimekuamini. Nikiandika mvua, watanitolea hizi karatasi, na mimi nitabaki na nini?"

Alimwambia njia ni moja. Aandike barua ya kuzikana zile karatasi, aeleze nani alimwelekeza, aipitishe kwa mwajiri kama barua yoyote ya mtumishi, imfikie kabla hajaondoka ofisini saa tisa na nusu. Akaongeza, bila kumtazama, kwamba anajua mtumishi anayeandika barua ya namna hiyo hufanywa nini.

Saa sita kaka yake alimfuata kwenye kibanda cha vifaa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, panga likiwa kati ya miguu. Kwa muda alikuwa akikwangua udongo kwenye buti kwa kijiti.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Siku kumi na moja. Nakumbuka hata ule unga ulinunuliwa wapi." Akatupa kijiti. "Siwezi kukulaumu. Hiyo kavu yako tumeila sote."

Mkaguzi alimwambia kuhusu barua. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia asiandike. Alipiga hesabu yake pole pole, kama mtu aliyeipiga njia nzima. Yeye anafukuzwa leo, hilo limekwisha. Dada akibaki kazini, chumba chake kinabaki, na mama atabebwa mgongoni kupandishwa hizo ngazi, hatakuwa wa kwanza kubebwa. Dada akiandika, kuna uwezekano mdogo afisa akafanya kitu, na uwezekano mkubwa wote wawili wakawa nje ndani ya wiki moja.

"Na wenzako kumi na watatu?"

"Wenzangu nao wana dada zao."

Alisema kama utani, lakini hakucheka. Alichukua panga akatoka.

Mkaguzi aliandika barua palepale, nyuma ya fomu tupu, kisha akainakili vizuri kwenye karatasi safi. Ilikuwa ya aya tatu. Ya kwanza ilitaja tarehe kumi na moja na hali halisi ya hewa ya kila siku. Ya pili ilisema nyapara alimwelekeza na yeye akakubali. Ya tatu ilitoa vimo vya madonda sitini na manne. Juu, chini ya cheo cha afisa, aliandika kama inavyotakiwa: kwa kupitia kwa Meneja wa Shamba, akaacha nafasi ya saini ya meneja.

Saa nane na dakika hamsini alikuwa kwenye benchi la ofisi. Mlango wa meneja ulikuwa umefungwa, na ndani kulisikika mazungumzo ya watu wawili yasiyo na ugomvi. Karani wa masjala, mtu wa makamo aliyekuwa akipanga majalada, alimwambia ameagizwa asiruhusu mtu. Alipoomba barua tu ipelekwe ndani, karani aliichukua, akabisha, akaingia, akatoka mikono mitupu.

Saa tisa na dakika ishirini afisa alitoka akiwa na begi begani. Barua ilikuwa mkononi mwake, na meneja nyuma yake. Ilionekana ameisoma yote.

"Imeandikwa vizuri," alimwambia mkaguzi. "Lakini hapa hapajajazwa." Alionyesha ile nafasi. "Pasipojazwa siwezi kuipokea. Nikiipokea hivi, wataitupa hukohuko makao makuu na mimi nitajibu kwa nini nimevuka ngazi."

Mkaguzi alimgeukia meneja, akamwomba asaini.

"Nitaipitia," alisema meneja.

"Lini, bosi?"

"Kanuni inanipa siku kumi na nne."

Afisa alimrudishia meneja barua. Alisimama kidogo mlangoni kama mtu aliyesahau kitu, akapapasa mfuko wenye ile bahasha ya khaki, kisha akaenda garini. Taarifa alikuwa ameshaisaini. Karani ndiye aliyetoa nakala ya jalada, na mkaguzi aliisoma ikiwa imemgeukia karani mezani pake. Chanzo: majeraha ya vifaa vya ufyekaji. Mapendekezo: kitalu kikatwe na kuchomwa kuzuia kuvu isienee.

Saa kumi wafyekaji walipanga foleni kwenye dirisha la stoo kurudisha mapanga na buti. Wakala hakuja, alituma orodha. Wale ambao buti zao zilikuwa zimetoboka walitakiwa kueleza. Kaka yake alikuwa wa nne. Alirudisha vyake, akaweka dole gumba kwenye karatasi ingawa kuandika anajua, akaondoka kuelekea kambini bila kupita mbele ya ofisi.

Meneja aliondoka saa kumi na nusu. Filimbi alimfungulia geti. Mkaguzi alikuwa bado kwenye benchi. Karani alifunga madirisha moja baada ya jingine, akazima feni, kisha akaingia chumba cha meneja kukusanya vikombe. Alitoka na barua.

"Dada," alisema, "alikuwa ameiweka kwenye kapu la karatasi za kutupwa."

Karani aliiweka juu ya meza, akainyoosha kona iliyokunjwa. Alimweleza mambo mawili. La kwanza, afisa ameshaondoka, kwa hiyo kwa leo haitabadilisha chochote. La pili, barua haijaingizwa kwenye daftari. Akiichukua sasa akaenda nayo, kesho ataripoti kazini kama siku zote, na bosi atajifanya hana habari ya barua yoyote. Ikishaingizwa inapata namba, na barua yenye namba lazima ijibiwe kwa maandishi, na yeye anajua itajibiwaje.

"Mama yenu yupo kwa kaka yako, si ndiyo?"

"Yupo."

"Basi fikiria."

Nje, gari la stoo lilikuwa likipakia mapanga. Mkaguzi alisikiliza mpaka mlango wa nyuma ukafungwa.

"Iingize," alisema.

Karani alifungua daftari la barua zinazoingia. Aliandika namba, tarehe, na jina la mwandishi wa barua. Kwenye safu ya nne alisita, akauliza aandike inahusu nini.

"Mvua."

Aliandika. Saa kumi na dakika hamsini na mbili alipiga muhuri.