Ubatizo wa Maundu Uliokuwa kwa Kisilu

Miaka hamsini mzee Maundu aliwasimulia watu wa Kola jinsi alivyobatizwa mtoni, na kila mwaka maji yalizidi kina. Mwanzoni yalimfika kifuani. Kufikia mwaka wa tisini na nane yalikuwa yamempita mhubiri kichwa, na kambare wawili walikuwa wamejipanga pembeni kama mashemasi. Watu walisema amina. Yeye mwenyewe alikuwa karibu kuamini.

Ukweli ni kwamba siku hiyo hakulowa hata ukucha. Ilikuwa Julai ya 1953, baridi ya kukata masikio, naye alijificha nyuma ya mwamba. Pacha wake, Kisilu, alizamishwa kwa jina lake mwenyewe, akatoka, akavaa shati kavu la Maundu, akarudi kwenye foleni, akazamishwa tena kwa jina la Maundu. Mhubiri alikuwa mgeni mwenye miwani iliyojaa ukungu. Alishangaa tu kwamba kijana huyu amekuja na nywele zinazochuruzika. Ujira wa Kisilu ulikuwa yai la kuchemsha.

Sasa ona mambo ya dunia. Kisilu, mwenye ubatizo mara mbili, hakukanyaga kanisani tena, akafunga ndoa na pombe ya miwa. Maundu, asiye na hata mmoja, akawa mzee wa kanisa, akafundisha darasa la ubatizo miaka thelathini.

Mwaka 2003 mchungaji Aloys akaamua yubilii ya ubatizo ule ifanyike pale pale mtoni. Maundu angesimama mbele ya wanafunzi wake kumi na mmoja, kabla hawajaingia majini, awashuhudie jinsi maji yalivyombadilisha. Hapo ndipo hata chai ilianza kumshinda. Kutia hadithi chumvi ni jambo moja. Kumdanganya mtu ambaye tayari mguu wake uko majini ni jingine. Na akisema ukweli, uzee wa kanisa umekwenda, darasa nalo limekwenda, maana kwa sheria yao asiyebatizwa hawezi hata kubeba kikapu cha sadaka.

Alimwendea Kisilu, akamkuta akipura mbaazi. Kisilu alimsikiliza, akacheka mpaka akaketi juu ya mbaazi.

"Ubatizo wako niko nao," akasema. "Nimekuwekea vizuri. Sijautumia hata siku moja. Wangu pia."

"Nimekuja kuomba shauri, Kisilu."

"Mlevi amshauri mzee wa kanisa? Haya, nikuulize. Miaka hii yote, mvua ikikataa, mtoto akiugua, ulikuwa unaomba na ubatizo wa nani?"

Maundu akafikiri. "Nilikuwa naomba tu."

"Basi unaogopa nini?"

"Maji," Maundu akasema.

Jumapili ikafika, watu wakajaa kingo zote mbili. Maundu, ndani ya suti ya kahawia, alifungua kinywa kumtoa kambare wa kwanza. Macho yake yakamwangukia Ndunge, mjane wa darasa lake, aliyesimama ukingoni akitetemeka. Akakifunga kinywa. Alipokifungua tena, yote yakatoka: mwamba, shati, yai.

Wa kwanza kusema alikuwa Mwelu, mkewe.

"Baba Muli," akasema, "miaka arobaini nakuogopa kwa utakatifu, kumbe nimeolewa na mpagani!"

Akaangua kicheko, nacho kikashika kingo zote kama moto wa nyasi kavu. Maundu akavua viatu, akaingia na suti yake. Mchungaji akamuuliza kama anaamini, swali ambalo Maundu alikuwa amewafundisha watu mia nne kulijibu. Jibu likamtoroka.

"Mchungaji, magoti yanagongana," akasema. "Lakini niko hapa."

Aloys akaona hilo linatosha. Maji yenyewe yalikuwa ya magotini, ikabidi amlaze na kumgeuza kama anayefua gunia.

Maundu alipoinuka, Ndunge alikuwa ameshaingia bila kuitwa. Nyuma yake nyanya Ngina alikuwa akivua viatu: yeye alibatizwa zamani kwa sababu ya blanketi, akaja kuamini baada ya mtoto wa tano, je, anaweza kupata ubatizo mwingine? Shemasi mmoja, aliyebatizwa ili apewe mke, akamfuata. Mchungaji alipaza sauti kwamba ubatizo ni mmoja, lakini foleni ilishapinda kona. Wanasema nguo zilibeba maji mengi hivi kwamba kidimbwi kile cha mtoni kilishuka shibiri mbili, na wanaosema hivyo ni Wakristo.

Kesho yake baraza likaketi. Sheria ni sheria: Maundu ameingia majini bila kupita darasani, kwa hiyo uzee wake umesimamishwa mpaka amalize darasa. Mtu akauliza nani atamfundisha. Mwalimu alikuwa mmoja tu.

Jumatano Maundu akasimama mbele ya benchi tupu, akasoma swali la kwanza la kitabu: Imani ni nini? Kisha akazunguka meza, akaketi kwenye benchi. Chakula kilipopoa, Mwelu alikuja mwenyewe kumwita. Maundu akamwambia angoje kidogo. Mwanafunzi bado anafikiria, na mwalimu hana haraka.